Salamu Zilikula Dakika Zetu

Wifi yangu alikuwa na mazoea ya kuniambia kwamba Mungu aliponiumba alisahau kunitia subira, na pengo lile akaliziba kwa Kiingereza. Sikubishana naye. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri katika kliniki za upande wa kusini wa Louisville, na ukikaa miaka na madaktari wenye haraka, nawe unakuwa na haraka. Mgonjwa anaanza kueleza goti lake tangu siku alipovuka ziwa akikimbia vita, mimi nasema, "Goti linamuuma." Nilijivunia ufupi huo. Nilidhani ndio ufundi.

Wifi ni mdogo wa mume wangu. Alihamia kwetu kutoka Columbus, jimbo la Ohio, yeye na mumewe dereva wa malori, wakapanga nyumba iliyotazamana na yetu, mtaa wa Iroquois. Aliniita yaya, kwa maana yetu watu wa Kivu, yaani dada mkubwa. Watanzania wa kanisani walicheka sana, wakidhani nimeajiriwa kumlea. Na kweli nilimlea. Aliingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, akafunua masufuria, akasema chumvi imezidi, halafu akala mpaka akakwangua ukoko. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza, na nilimnunia karibu kila wiki iliyofuata, kama inavyowapasa mawifi.

Alifanya kazi kwenye ghala la vyombo vya nyumbani. Saa kumi nzima amesimama, anainua makatoni kutoka kwenye mkanda wa mashine na kuyapanga juu ya mengine. Aliposhika mimba hakuniambia. Kwetu mimba haitangazwi. Huonekana yenyewe, na hata ikionekana, watu wenye adabu huendelea kutoiona. Mimi nilijua siku aliyokula mboga yangu bila kusema neno lolote kuhusu chumvi.

Kisha akaniletea karatasi ya daktari nimsomee, ingawa nadhani alikuwa ameshaielewa. Daktari aliandika asiinue vitu vizito, apewe kiti, akae dakika chache kila saa, anywe maji. Hayo tu. Aliipeleka kwa supavaiza wake, naye akamjibu kwamba ghala halina kazi nyepesi. Kama anaweza kazi, afanye kama wenzake. Kama hawezi, aende nyumbani bila mshahara mpaka ajifungue, na hakuna anayemwahidi kwamba atakuta nafasi yake. Wifi akaikunja ile karatasi, akaiweka mfukoni, akarudi kwenye makatoni.

"Sasa utafanya nini?" nilimwuliza.

"Nitainua polepole, yaya."

Nilikasirika siku nzima. Nilimkasirikia supavaiza, nikamkasirikia wifi, hata mume wangu aliyekuwa amekaa zake akinywa chai nilimkasirikia.

Basi katika wiki hizo hizo mwanasheria mmoja mwenye nywele za kijivu, niliyemfahamu kliniki, akaniomba msaada. Yeye na wenzake walikuwa wanapeleka muswada katika bunge la jimbo. Muswada wenyewe ulikuwa mfupi: mwajiri amsaidie mfanyakazi mjamzito kwa vitu vidogo, kiti, maji, mapumziko, mzigo mwepesi, wala asimfukuze kwa kuviomba. Alitaka wanawake wa maghalani na viwandani waje waseme mbele ya kamati. "Utawapata wapi?" aliniuliza kwa wasiwasi. Nilimwambia asubiri Jumamosi.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, kulikuwa na laini ya maombi. Ni namba ya simu ambayo akina mama wetu walipiga wote kwa pamoja, wa Louisville, wa Columbus na wa Buffalo kule kaskazini kwenye theluji, watu waliokuwa kambi moja ya wakimbizi na ndege zikawamwaga miji mitatu. Kila mmoja alipiga kutoka alipo. Huyu anakaanga mandazi, huyu yuko ndani ya gari nje ya kiwanda, yule amesahau kuzima maiki na sote tunamsikia akimgombeza mumewe. Aliyeiongoza ni mama mmoja mjane wa Louisville, kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, ambaye sote tulimwita Mama Kiongozi. Alikuwa na sauti ya kulaza watoto na kuamsha wachungaji. Baada ya sala nikaomba nafasi, nikaeleza habari ya muswada.

Mama mmoja wa Buffalo alikuwa wa kwanza kunijibu, kwa Kiswahili chetu cha Kivu chenye Kifaransa ndani. "Donc, nyie huko bado? Sisi hapa sheria iko. Mimi nilipewa kiti mu kazi ya kufua mashuka ya hoteli, na nilikuwa na miezi sita." Laini nzima ikaguna kwa mshangao. Kiti! Yule mama akakieleza kile kiti kwa kirefu kama mtu anayeeleza harusi, mpaka rangi yake.

Ndipo wengine wakafunguka. Lakini waliongea kwa namna yetu, na ilinichukua muda kuishtukia. Kila hadithi ilianza na "kuna mwanamke mmoja". Kuna mwanamke mmoja alizimia kwenye mkanda wa kiwanda cha kuku. Kuna mwanamke mmoja alinyimwa ruhusa ya kwenda chooni. Niliandika haraka haraka kwenye daftari nikiwa nimeweka simu juu ya kopo la sukari, na sikujiuliza inakuwaje msimulizi ajue mpaka soksi alizovaa huyo mwanamke siku hiyo. Nilipokuja kujiuliza, nilikuwa nimejaza kurasa tatu, na nikaona haya ya kuwa nimewasikiliza kama karani.

Mama wa Columbus alizungumza wa mwisho. "Huku kwetu sheria hakuna," akasema. "Kuna mwanamke mmoja tulikuwa naye kazi. Mtoto mdogo tu, bado mwaka moja mu ndoa. Alikuwa anabeba masanduku ya mabomba. Damu ikaanza kutoka, akaogopa kusema, akamaliza shifti. Ile mimba ilikuwa ya miezi mitano. Siku ya tatu alirudi mu kazi. Sisi tuliona, tukanyamaza."

Wifi alikuwa jikoni kwangu, anaosha vikombe. Alifunga bomba. Alikausha mikono yake kidole kwa kidole, akachukua koti, akavuka barabara kwenda kwake. Hapo nikaelewa kwa nini walihama Columbus, na kwa nini alikuwa anaufunika mwili wake kwa jaketi la mumewe hata ndani ya nyumba.

Sikumfuata. Nasema hili kwa sababu limenikaa kooni miaka yote. Kwetu mtoto ambaye hakuwahi kulia hewani hana matanga. Hakuna anayekuja kukaa nawe, hakuna anayesema pole, kwa sababu kusema pole ni kukiri kwamba kulikuwa na mtu. Mimi niliyejitia kujua Kiingereza na sheria nilishika adabu hiyo hiyo. Kesho yake alipokuja kufunua masufuria nilimpa sahani ya samaki, tukaongea habari za bei yake.

Tulikubaliana kwamba Mama Kiongozi ndiye atakayesema bungeni, nami nitatafsiri. Mwanasheria alitamani aliye na mimba aseme mwenyewe. Mama Kiongozi, ambaye macho yake hayakuwa na matatizo, alimwita wifi pembeni baada ya ibada akamwambia, "Mwanangu, mficha uchi hazai." Wifi alitikisa kichwa. Alisema atakuja, atakaa nyuma, atabeba chakula. Kusema, hapana.

Siku yenyewe tulikuwa magari mawili, mwendo wa saa moja kwenda mji mkuu wa jimbo. Tulivaa vitenge chini ya makoti ya baridi. Mwanasheria alitungoja mlangoni akarudia mara ya tano: dakika tatu, na tafsiri iko ndani ya hizo hizo tatu. Nilimtafsiria Mama Kiongozi. "Nimesikia," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

Hapo ningepaswa kujua.

Chumba cha kamati kilikuwa na zulia zito na picha za wanaume waliokufa. Wabunge walikaa nusu duara, wengine wakisoma simu zao. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye mikono mipana ya mkulima. Karani alishika vibao viwili, cha njano cha kuonya na chekundu cha kumaliza. Mama Kiongozi alitembea mpaka mbele, akaweka mkoba chini, akaiinamia maikrofoni na kupaza sauti:

"Bwana asifiwe!"

Akangoja. Kwetu mtu akisimama mbele ya watu husalimu, na watu huitikia, ndipo neno lake lipate njia. Wabunge walitazamana. Akina mama wetu nyuma wakaitika "Amina!" kwa sauti iliyomwamsha mlinzi. Mama Kiongozi akaridhika. Akamsalimia mwenyekiti. Akamsalimia mke wa mwenyekiti, popote alipo, na watoto wao. Akawasalimia waheshimiwa, wa kulia na wa kushoto. Akaleta salamu za mchungaji. Akaleta salamu za akina mama wa Columbus, ambao hawana kura hapa lakini damu ni moja, na za akina mama wa Buffalo, ambao theluji imewafungia milango. Akalishukuru jimbo kwa kutupokea tulipokuja bila hata sahani. Kisha akanigeukia nitafsiri.

Nilitazama saa. Nikasema kwa Kiingereza, "Anawasalimu nyote."

Mama Kiongozi alinitazama kama mtu aliyelipia kilo mbili akapimiwa robo. Maikrofoni ilikuwa wazi.

"Mimi nilisema maneno mingi," akasema. "Weye umesema moja tu. Ile ingine umeipeleka wapi?"

"Mama, muda..."

"Bon. Anza tena. Anza na bibi ya mwenyekiti."

Nilitaka zulia lile linimeze. Nilianza tena, nikatafsiri yote, mke, watoto, mchungaji, Columbus, theluji ya Buffalo, sahani. Mama Kiongozi alifuata kila neno kwa kidole, japo hakujua Kiingereza, akihakikisha urefu unalingana. Kibao cha njano kikainuka. Yeye alikiona akakitabasamia, nadhani alidhani ni salamu. Alipofika mwisho akavuta pumzi, akabadilisha sauti, akasema, "Sasa. Kuna mwanamke mmoja..."

Kibao chekundu.

Mwanasheria alifumba macho. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi zangu, kurasa zote tatu, nikihesabu moyoni nitakayomwambia mama huyu tukifika garini. Akina mama waliomba ruhusa za kazi ambazo hawatalipwa, wamesafiri, na muda wote umeliwa na salamu. Wifi yangu kesho anarudi kwenye makatoni na karatasi mfukoni.

Lakini mwenyekiti hakumwita msemaji mwingine. Alikuwa amevua miwani yake. Alisema amekaa kwenye kiti kile miaka mingi, na hakuna mtu aliyewahi kumsalimia mke wake ndani ya chumba kile. Halafu akauliza, polepole, "Huyo mwanamke aliyetaka kutueleza habari zake ni nani? Yuko wapi?"

Nilitafsiri. Mama Kiongozi akafungua mdomo, akaufunga. Jina halikuwa lake kulitoa. Akabaki ameshika ukingo wa meza.

Nyuma kiti kikalia. Wifi alikuwa amesimama. Alikuwa na mfuko wa chakula mkononi, akamkabidhi jirani yake, akaja mbele katikati ya viti na jaketi la mumewe likimfika magotini. Hakunitazama. Alisema kwa Kiingereza cha ghalani, vipande vipande, kile anachokitumia kuuliza katoni iende wapi.

"Ni mimi. Karatasi ya daktari ninayo. Bosi anasema chagua, kazi au nyumbani." Akaitoa ile karatasi, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, akaiweka mezani. "Columbus sikuwa na karatasi. Columbus mtoto alikufa. Miezi mitano," akainua vidole vitano, "mitano. Siku ya tatu nilirudi kazini. Huyu sitaki afe. Naomba kiti."

Kisha akarudi kukaa. Sikuwa na la kutafsiri. Wale waliokuwa wakisoma simu hawakuwa wakizisoma tena, na mwenyekiti aliichukua ile karatasi akaisoma yote, mbele na nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na kitu.

Tulipokuwa tukirudi, majengo ya Louisville yalianza kuonekana. Mama Kiongozi alikuwa mbele, wifi nyuma karibu yangu. Wale akina mama wengine walikuwa hawajui Kiingereza, lakini neno Columbus walilielewa, na vidole vitano alivyoinua waliviona.

"Columbus," Mama Kiongozi akauliza bila kugeuka, "nani alikuja kukaa na weye?"

"Hakuna, mama. Batu hawakujua."

"Na wale wenye walijua?"

"Walinyamaza."

Ndipo Mama Kiongozi akageuka. "Bon," akasema. "Tunakuja leo."

Walikuja. Kabla ya magharibi walikuwa wameshasogeza makochi ya wifi ukutani na kulaza magodoro chini, kama kwenye msiba wowote. Mmoja alipitia duka la Wakongo akaleta sombe, kisamvu chetu, na samaki wakavu. Mwingine alitoka kazini moja kwa moja, na kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Mume wa wifi aligeuza lori huko alikokuwa. Walipiga ile namba ya maombi ingawa haikuwa Jumamosi, wakaiweka simu katikati ya godoro, na akina mama wa Columbus na wa Buffalo wakaimba pamoja nasi, wakichelewa nusu mstari kwa sababu ya laini. Yule mama wa Columbus alilia wazi. Alisema, "Tusamehe, mwanangu, tuliona." Wifi alikaa katikati yao amevua jaketi, tumbo lake nje kwa kila mtu kuliona, akipokea pole moja baada ya nyingine kama anayepokea vitu alivyokuwa akividai.

Zamu yangu ilipofika nilishindwa. Mimi mwenye maneno ya lugha tatu. Nilimshika mikono, nikasema, "Nilijua tangu ile Jumamosi. Nilijua na nikakupa samaki." Alicheka huku machozi yanamtoka, akasema hata samaki wenyewe walikuwa na chumvi nyingi. Nikamwambia pole. Nilisema tena, na tena, na siku hiyo sikufupisha.

Muswada haukupigiwa kura mwaka ule. Ulilala kwenye kamati mpaka kikao cha bunge kikaisha. Sheria yenyewe ilikuja kupita miaka kadhaa baadaye, tumeshaijua njia ile kwa kila shimo lake. Kiti hakikuletwa ghalani. Wiki iliyofuata wifi alichagua nyumbani, akamrudishia supavaiza kitambulisho chake, na kweli hakuipata tena nafasi ile. Tulibanana, nyumba mbili kwa mishahara iliyobaki, na jikoni kwangu hapakuwa na kiporo hata siku moja. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, kichwa kikubwa, na kelele za ukoo wa mume wangu.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena. Mama Kiongozi alikuwa amefanya mazoezi na saa ya jiko, salamu nusu dakika, na alinung'unika njia nzima kwamba tunamfundisha ukosefu wa adabu. Wifi aliandikwa kusema kwa jina lake mwenyewe. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge, anavuta hereni za mama yake.

Pale mezani pa kujiandikisha alikuwa karani mpya, msichana mchangamfu. Alimchekea mtoto, akamgusa mguu, akamwuliza wifi kama huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Nilifungua mdomo nijibu mimi, kwa mazoea ya kazi. Wifi akanitangulia.

"Wa pili," akasema.

Yule msichana akachungulia nyuma yetu, bado anatabasamu, akimtafuta mwingine kati ya makoti ya akina mama. Wifi akamngoja amalize kutafuta, kisha akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba wa kwanza yuko Columbus.